Njumu za Shani: shajara ya kutafuta mshiko juu ya nyasi

Mwanzo wa Februari

Msimu huu farasi wangu Shani anaingia mashindano ya hatua tatu: dresaji, yaani kuonyesha mwendo wa utulivu na utiifu, mbio za nyika, kisha kuruka vizuizi uwanjani. Zote zitafanyika juu ya nyasi. Hadi sasa amezoea viwanja vya mchanga uliochanganywa na nyuzi, ambako ukwato huzama kidogo, mchanga ukajaa chini yake, na farasi akapata pa kujishikizia bila msaada. Huko kiatu cha kawaida kinatosha. Nyasi hazina tabia moja. Alfajiri zina umande, adhuhuri zimekauka na udongo chini yake umekaza, na manyunyu ya muda mfupi yanaweza kugeuza uwanja mzima kuwa utelezi.

Nafungua shajara hii kutafuta jibu la swali moja: Shani afungwe njumu zipi, mguu upi, na kwenye ardhi ya namna gani. Njumu ninazosema ni vile vipande vidogo vya chuma vinavyoskurubiwa chini ya kiatu cha farasi, karibu na kisigino, na kufunguliwa kazi ikiisha. Mcheza kandanda anayebadili njumu fupi kwa ndefu uwanja ukilowa anaielewa nusu ya habari. Nusu ya pili ni nzito zaidi. Shani ana takriban kilo 500. Hata akiwa amesimama tu, kama asilimia 60 ya uzito huo iko kwenye miguu ya mbele. Akienda shoti, yaani mbio za kasi, mguu mmoja wa mbele hubeba kwa muda mfupi sana karibu mara mbili na nusu ya uzito wa mwili wake. Nguvu ya namna hiyo ikikutana na chuma kilichojichimbia ardhini, lazima iende mahali fulani.

Ukwato ukigusa chini kwa kasi hausimami papo hapo. Huteleza mbele kidogo, kiasi ambacho macho hayakioni vizuri, na katika kuteleza huko sehemu ya mshtuko hupungua kabla haijapanda kwenye mifupa. Ukizuia utelezi huo wote, mshtuko unabaki na kuingia kwenye viungo, kano na ligamenti. Kwa hiyo lengo langu si kumzuia Shani asiteleze kabisa. Natafuta njumu ndogo kuliko zote zitakazomfanya ajiamini anapokiendea kizuizi na anapopinda, na nikishazipata sitaongeza ukubwa kwa sababu ya hofu yangu mwenyewe juu ya tandiko.

Ushahidi ulionishawishi unatoka kwenye mbio za farasi. Viatu vya mbio vilikuwa na ukingo wa chuma uliosimama mbele ya kiatu ili kung'ang'ania ardhi. Utafiti uliofanyika California na kuchapishwa mwaka 1996 uliona kwamba farasi waliovaa ukingo huo kwenye miguu ya mbele walihusika zaidi na majeraha ya kufisha ya mifupa na viungo. Tangu 2022 kanuni za kitaifa za mbio za farasi nchini Marekani zimeupiga marufuku kwenye miguu ya mbele. Ukingo huo si njumu, unakaa mahali pengine pa kiatu na farasi wa mbio ana kazi tofauti. Lakini mguu ni ule ule.

Katikati ya Februari, siku ya fundi

Fundi wa viatu vya farasi, ambaye namwita Mzee, amekuja. Nilikuwa nimemwandalia maswali ya njumu tu, naye akaniambia, "Dada, mtembeze kwanza nimwone. Njumu zitatusubiri." Akamtazama Shani akitembea na kukimbia matiti, ule mwendo wa mbio za polepole, kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, akija na akienda, kisha akainua miguu mmoja mmoja. Alitaka kuona kama kila ukwato unatua sawa, pande zote mbili kwa pamoja. Farasi anayetua kwa upande mmoja tayari anaupakia upande huo mzigo, na njumu ingeongeza mzigo palepale. Shani anatua vizuri. Mguu wa nyuma wa kushoto unaelekea nje kidogo, na Mzee amesema atauangalia kila mara atakapokuja.

Tumebaki na viatu vya chuma cha kawaida vyenye mfereji unaozunguka upande wa chini, ule ambao vichwa vya misumari hukaa ndani yake. Mfereji huo hujaa udongo, na udongo juu ya udongo hushikana vizuri kuliko chuma tupu juu ya nyasi. Huo peke yake ni mshiko wa kwanza, na watu wengi huusahau wanapokimbilia njumu. Viatu vya alumini ni vyepesi lakini hesi, yaani meno ya skrubu, huchakaa humo upesi, na tundu lililochakaa hudondosha njumu katikati ya njia.

Matundu yametobolewa kwenye ncha za nyuma za kila kiatu, moja ndani na moja nje, nyuma ya msumari wa mwisho. Hapa kuna jambo ambalo kila anayeanza anapaswa kulijua kabla hajanunua hata njumu moja. Kuna vipimo viwili vilivyozoeleka. Kimoja ni cha inchi, theluthi moja na ushei ya inchi kwa upana, yaani 3/8, chenye meno 16 kwa kila inchi. Kingine ni cha milimita, hasa M10, ambacho meno yake yana nafasi ya milimita 1.5. Kwa macho vinakaribiana sana: 3/8 ni kama milimita 9.5. Njumu ya kipimo kimoja inaweza kuanza kuingia kwenye tundu la kipimo kingine, ikazunguka kidogo, kisha ikakwama na kuyala meno. Tumechagua 3/8, na nimeandika kipimo hicho kwa wino juu ya sanduku, ili hata saisi (mtunza farasi) mgeni akija asibahatishe.

Jambo la pili ni urefu wa shina la njumu, ile sehemu yenye hesi inayoingia ndani ya kiatu. Shina lisizidi unene wa kiatu. Likizidi, linatokeza upande wa juu na kuusukuma ukwato wenyewe, na farasi ataanza kuchechemea bila mtu kuona sababu. Tulipima kiatu, tukapima shina, kisha Mzee akapanua kidogo mdomo wa kila tundu ili bega la njumu likae likigusana na chuma pande zote. Njumu iliyokaa hivyo hailegei ovyo.

Kwa siku za kawaida matundu yamezibwa kwa vipande vya sponji vilivyolowekwa mafuta. Pamba yenye grisi pia hufaa. Kuna wanaotumia vizibo vya chuma vinavyolingana na uso wa kiatu. Hivyo hulinda hesi vizuri sana lakini vikishika kutu huwa kazi kuvitoa. Sponji inanitosha.

Mwisho wa Februari

Sanduku limekamilika. Sikutaka wingi, nilitaka njumu ambazo kila moja ina kazi yake.

Kwa ardhi ngumu nina njumu nyembamba zenye ncha. Ardhi kavu haipokei kitu kinene, hivyo lazima njumu iwe na ncha ya kupenya. Baadhi zina kiini cha tungsteni, metali ngumu sana, katikati, ambacho hakichakai upesi kama chuma kinachokizunguka, kwa hiyo ncha hubaki. Ziko pia fupi kabisa, zenye kichwa bapa na kiini hicho hicho, ambazo asili yake ni farasi wanaotembea barabarani.

Kwa ardhi laini ni kinyume. Njumu nyembamba kwenye matope hupita tu, haina cha kusukumana nacho. Hapo inahitajika njumu pana, butu, yenye pande za bapa au umbo la mche, itakayokuwa na uso wa kusukuma udongo mwingi kwa wakati mmoja. Nimechukua za ukubwa wa kati na chache kubwa. Hizo kubwa natumaini zitakaa sandukuni.

Kati ya hizo mbili kuna ardhi ninayoiogopa kuliko zote: juu imelowa, chini ngumu. Nyasi na tabaka jembamba la udongo hugeuka utelezi, lakini chini ya tabaka hilo hakuna kinachopokea chuma kinene. Kwa hiyo njumu ya ukubwa wa kati, ndefu kidogo ili ivuke tabaka la juu, yenye ncha ili iingie kwenye ugumu wa chini.

Wazo lenyewe si geni. Kabla ya magari, farasi waliovuta mizigo kwenye miji ya baridi kali walifungwa miiba ya chuma ya kuskurubu barafu ilipoanza, na bila miiba hiyo mikokoteni ilisimama. Kwenye polo, mchezo wa mpira unaochezwa juu ya farasi, farasi huwekewa njumu au kisigino cha chuma kwenye miguu ya nyuma, upande wa nje, huku viatu vya mbele vikiwa na ukingo wa ndani ulioinuka ili mguu uzunguke kwa urahisi farasi anapogeuka. Napenda sana namna watu wa polo walivyolifikiria jambo hili: nyuma panahitaji kushika, mbele panahitaji kuzunguka. Nimelibeba wazo hilo hilo kwa Shani, ila kwa kiasi kidogo zaidi.

Machi, ardhi kavu

Mwaka 2014 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lilichapisha waraka juu ya viwanja na jinsi vinavyomhusu farasi. Waraka huo unataja mambo matano ya kupima: ugumu wa uso ukwato unapogonga, uwezo wa ardhi kufyonza mzigo, namna inavyourudishia mguu nguvu, mshiko, na usawa wa uwanja kutoka sehemu moja hadi nyingine. Mshiko ni moja tu kati ya matano. Njumu hubadili hilo moja na kuyaacha mengine yalivyo. Ardhi ikiwa ngumu mno, njumu haiwezi kuifanya laini; ikiwa haina usawa, njumu hazitajua kwamba kona ya tatu ina dimbwi. Hayo nitayashughulikia kwa kupunguza mwendo au kwa kutoshindana siku hiyo.

Kazi ya wiki hizi ilikuwa kujifunza kusoma alama. Tulimfanyisha Shani kwanza bila njumu kabisa: mduara wa matiti, mduara wa shoti, kizuizi kidogo, kusimama. Kisha nikashuka na kutembea juu ya njia yake nikiinama kutazama kila alama. Alama iliyotulia, yenye ukingo safi, inasema mguu ulitua na kuondoka bila shida. Alama iliyoburutwa, ndefu kuliko kiatu, inasema uliteleza. Nilipima zilizoburutwa kwa vidole, nikazilinganisha: kwenye mstari mnyoofu zilikuwa fupi, nikaziacha. Kwenye mpindo wa shoti, miguu ya nyuma ilikuwa ikiondoka upande, na hapo ndipo Shani alipokuwa akiinua kichwa na kufupisha hatua. Mwili wake uliniambia jambo lile lile ambalo udongo ulikuwa umeandika.

Tukafunga njumu ndogo zenye ncha, nyuma tu, ndani na nje. Mpindo ule ule, mwendo ule ule. Hatua ikafunguka na kichwa kikatulia. Nilirudi kwenye alama na hapo nikapata kipimo ambacho nadhani ndicho muhimu kuliko chochote kilicho kwenye shajara hii: njumu inapaswa kuzama yote, na kiatu kukaa chini kikiwa bapa. Ukiona alama ina matundu mawili ya njumu na pia umbo zima la kiatu, ukubwa ni sahihi. Ukiona matundu tu, huku ukingo wa nyuma wa kiatu haujaacha kitu, farasi amesimama juu ya njumu, kisigino kimeinuliwa, na kila hatua inampinda. Tulijaribu ukubwa unaofuata kwa hatua chache za kutembea ili niione tofauti. Matundu tu. Tukazitoa palepale.

Mbele hatukuweka kitu. Kwenye ardhi kavu ya namna hii sioni sababu. Miguu ya mbele ndiyo inayopokea kutua na kupunguza kasi, na nataka iwe na uhuru wa kuteleza ule utelezi mdogo wa asili.

Mwisho wa Machi, baada ya mvua

Imenyesha usiku kucha na kukatika alfajiri. Niliingia uwanjani kabla ya Shani nikiwa na fimbo. Ilizama kirahisi kwa kina cha kucha ya kidole gumba, kisha ikagota. Hiyo ndiyo ardhi niliyosema naiogopa.

Bila njumu, Shani aliteleza hata kwenye matiti. Njumu ndogo za wiki zilizopita zilipunguza shida lakini hazikuimaliza. Alama zilionyesha kwamba zilikuwa zikikwaruza tabaka la juu bila kufika chini. Tukapanda hadi za kati zenye ncha kwa miguu ya nyuma, na mbele tukaweka zile ndogo. Hapo akatulia. Aliruka kizuizi cha kimo cha kawaida akitoka kwenye mpindo na mguu wa nyuma ukasukuma bila kuchepuka. Kutua kwake nilikutazama kwenye video iliyopunguzwa kasi: mguu wa kwanza wa mbele ulipogusa chini uliendelea mbele kidogo kabla ya kusimama. Hicho kidogo ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Kanuni niliyoiandika ukutani bandani ni kwamba mbele kusiwe na njumu kubwa kuliko nyuma, hata iweje. Nyuma kukishika na mbele kukateleza kidogo, farasi anarekebisha. Mbele kukigandishwa huku mwili mzima ukiendelea kusonga juu yake, kano za mguu zinalipa.

Siku iliyofuata mvua iliongezeka na uwanja ukawa matope hasa, kina cha ukwato. Nilitegemea njumu kubwa zingekuwa jibu. Tulizijaribu kwa mwendo mdogo. Kwenye matope ya wastani pembeni, zilisaidia waziwazi. Kwenye kina kirefu hazikuonyesha tofauti ya maana: mguu mzima unazama, matope yanauvuta, na tatizo linakuwa kuutoa mguu wala si kuushikiza. Matope ya namna hiyo pia hung'oa viatu. Ikitokea njia ya mashindano iko hivyo kote, Shani hataondoka bandani.

Aprili, ndani na nje

Mjadala ambao hauishi miongoni mwa wapanda farasi ni kama njumu iwe moja, upande wa nje, au mbili. Wanaopenda moja wana hoja nzuri: farasi anapopishanisha miguu, njumu ya ndani inaweza kumkanyaga kwenye mguu mwingine, hasa pale juu ya ukwato ambapo nywele zinaanzia. Jeraha la hapo ni baya na linaweza kuharibu namna ukwato unavyoota.

Hata hivyo nimechagua mbili. Njumu moja ya nje kwenye ardhi isiyozama vizuri huinua upande mmoja wa ukwato, na kila hatua kiungo cha ndani ya ukwato kinapindishwa. Wakati wa kupinda, upande wenye njumu hushika na usio nayo huendelea, hivyo mguu unasokotwa. Kwa mashindano ya siku nzima, sitaki msokoto huo. Hatari ya kujikanyaga nimeipunguza kwa njia nyingine: njumu ya ndani ni butu kila inapowezekana, na ni fupi kidogo kuliko ya nje pale ardhi inapokuwa laini kiasi cha kuimeza tofauti hiyo. Ardhi ikiwa ngumu, zote mbili zina kimo kimoja bila kujadili. Na miguu yote minne inavaa vikinga na vifuniko vya mpira vya kwato.

Kuna kinga nyingine isiyokumbukwa hadi ajali itokee. Farasi anayekunja vizuri miguu ya mbele juu ya kizuizi hufikisha kwato karibu na kifua. Shani hukunja sana. Akiwa na njumu za mbele, anavaa mkanda mpana wenye ngao ya ngozi chini ya kifua.

Aprili, siku ya mashindano

Nilitembea njia ya mbio za nyika kwa miguu jioni ya kuamkia siku hiyo, na tena alfajiri. Fimbo mkononi. Sikuwa natazama vizuizi peke yake. Nilitazama mahali pa kutokea kabla ya kuruka, mahali pa kutua, mipindo kwenye mteremko, na pale ambapo kivuli cha miti kilizuia jua kukausha umande. Kwa sehemu kubwa ardhi ilikuwa nzuri: nyasi nene, udongo unaopokea kisigino cha kiatu changu bila kubonyea sana. Kwenye mteremko wa kushuka kuelekea kizuizi cha maji palikuwa na unyevu.

Katika ngazi za kimataifa mwendo wa mbio za nyika huanzia mita 500 kwa dakika na kufika 570 kwenye nyota tano, ngazi ya juu kabisa. Ngazi yetu ni ya chini zaidi, lakini hesabu ya mguu ni ile ile, na mteremko huongeza uzito unaoangukia mbele. Hapo ndipo nilipoamua.

Dresaji tulifanya kwa njumu ndogo za nyuma tu. Mwendo ni wa utulivu, kuna kupishanisha miguu, na farasi anayehisi ardhi vizuri huonyesha mwendo mzuri. Kwa mbio za nyika tulibadili nyuma kuwa za kati, na mbele ndogo kwa sababu ya ule mteremko. Kwa kuruka vizuizi mchana, ardhi ikiwa imekauka, nyuma tulirudi kwenye ndogo zenye ncha na mbele tukazitoa.

Kufunga kwenyewe kunahitaji mpangilio, maana farasi anajua kwamba siku si ya kawaida na hatulii. Saisi alimshika kwa kamba mkononi, hakumfunga mahali. Tulisimama juu ya nyasi, mbali na zege. Usiku uliotangulia nilikuwa nimekwisha toa sponji, nikasafisha matundu kwa msumari wa kiatu na kupitisha kifaa cha kuchonga hesi, kisha nikaweka sponji mpya zinazotoka kwa mkono mmoja. Kwa hiyo asubuhi kilichobaki ni kutoa sponji, kufuta tundu, kuanza njumu kwa vidole hadi ikae, ndipo spana. Kuanza kwa vidole ni muhimu: njumu ikiingia imepinda, vidole vinahisi, spana haihisi. Njumu zote zilikuwa kwenye bakuli lenye sumaku, kwa sababu njumu iliyodondoka nyasini inamsubiri farasi mwingine aikanyage.

Baada ya kupasha moto misuli nilishuka na kukaza tena kila moja. Mbili za nyuma zilipokea robo ya mzunguko.

Shani alikwenda vizuri. Kwenye mteremko wa unyevu alijikusanya mwenyewe, akashuka kwa hatua sawa, akaingia majini bila kusita. Uwanjani, kwenye mpindo mkali kati ya vizuizi viwili, hakufupisha hatua. Mara tu baada ya kila hatua ya mashindano njumu zilitoka. Farasi hasimami bandani akiwa na njumu, haingii kwenye trela akiwa nazo, na hapiti kwenye zege akiwa nazo zaidi ya hatua za lazima. Kwenye uso mgumu njumu haiwezi kuzama, na mguu unabaki umeinuliwa kama nilivyoona kwenye alama za Machi.

Wiki iliyofuata

Nimepapasa miguu yote minne asubuhi na jioni. Hakuna joto, hakuna uvimbe kwenye kano, na akitembezwa kwenye ardhi ngumu anatua sawa kama siku ya fundi. Juu ya kwato hakuna mkwaruzo. Ngao ya kifua ina alama moja mpya kwenye ngozi, na nimefurahi kwamba alama hiyo iko hapo na haiko kwa Shani.

Njumu zimesafishwa kwa brashi ya waya, zikakaushwa na kupakwa mafuta. Za nyuma upande wa nje zimechakaa zaidi kuliko za ndani, hasa ya mguu wa kushoto, ule unaoelekea nje. Nimeziweka kando nimwonyeshe Mzee, maana uchakavu usio sawa unaweza kuwa habari ya mguu wala si ya njumu.

Mapema Mei

Mzee ameziona. Ameutazama mguu wa kushoto akitembea, akapunguza ukwato upande wa nje kidogo kidogo, akarudia kumtazama. Viatu vipya vimewekwa, matundu yale yale, kipimo kile kile. Amekubali tuendelee na njumu mbili kwa kila mguu wa nyuma, na kwa mguu wa kushoto ameniomba nimpigie picha za alama zake kila tutakapofanya kazi nyasini, hadi atakaporudi.

Jedwali lililobandikwa bandani sasa lina mistari michache. Ardhi kavu: ndogo zenye ncha nyuma, mbele hakuna. Juu imelowa na chini ngumu: za kati zenye ncha nyuma, ndogo mbele. Laini kote: pana na butu za kati nyuma, ndogo butu mbele. Mchanga: sponji zibaki. Matope ya kina cha ukwato: tunarudi nyumbani. Chini yake nimeacha nafasi kwa ardhi ambayo bado hatujaikanyaga, na mashindano yanayofuata yako kwenye kiwanja chenye kichanga chini ya nyasi, kinachopitisha maji haraka. Fimbo iko karibu na mlango.